Kilele cha Ngorongoro kilikwenda wapi?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari wilayani Karatu. Nilipofundisha mada ya volkano niliwaeleza wanafunzi kama nilivyofundishwa mimi, kwamba Ngorongoro ulikuwa mlima mrefu kuliko Kilimanjaro, ukalipuka, na sehemu yake ya juu ikarushwa. Mwanafunzi mmoja akauliza: kipande hicho kilianguka wapi, mbona hatukioni? Nilikosa jibu. Je, ni kweli kwamba mlima ule ulilipuka hivyo? Volkano kwa jumla hujenga ardhi au huibomoa? Na shimo la Ngorongoro linaendelea kudidimia?"

Jibu la mtaalamu:

Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba kipande hicho hakionekani mashambani kwa sababu hakikurushwa. Kilizama. Kiko palepale kilipokuwa, ila chini zaidi, chini ya kwato za nyumbu na pundamilia wanaolisha katika sakafu ya kreta, kikiwa kimefunikwa na lava za baadaye, majivu na tope la ziwa. Maelezo uliyofundishwa yamo katika vichwa vya watu wengi, wakiwemo baadhi ya waongozaji wa watalii, na yana mvuto wake. Lakini hayapatani na mawe yaliyopo.

Tuanze na hesabu ambayo darasa lako linaweza kuifanya ubaoni. Sakafu ya Ngorongoro ina eneo la takriban kilomita za mraba 260, na kingo zake zimeinuka kiasi cha mita 600 juu ya sakafu hiyo. Ukizidisha unapata zaidi ya kilomita za ujazo 150, kabla hata hujauhesabu mlima wenyewe uliokuwa juu ya usawa wa kingo. Mzigo huo kama ungerushwa hewani ungelazimika kutua mahali fulani, na ungesambazwa sawasawa katika duara lenye nusukipenyo cha kilomita 50 ungefikia unene wa karibu mita 20. Kifusi cha mlima uliovunjika hakijifichi: ni vipande vyenye kona kali, vya rangi na aina mbalimbali, vidogo na vikubwa vilivyochanganyika ovyo. Karatu ingekuwa imelala juu ya kifusi hicho. Badala yake, anayechimba msingi wa nyumba hapo kwenu hukuta udongo mwekundu wenye kina kirefu, uliotokana na lava na majivu ambayo mvua, hewa na mizizi vimeyavunja taratibu kwa muda mrefu mno.

Kilichotokea kinaeleweka vizuri. Chini ya volkano kubwa, kilomita chache chini ya uso wa ardhi, huwa kuna chumba cha magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa na gesi ndani yake. Neno "chumba" lisikupoteze, kwa kuwa si pango tupu. Ni sehemu iliyojaa, na huko kujaa kwake ndiko kunakoubeba mlima ulio juu. Magma inapotoka kwa wingi katika muda mfupi, iwe kwa kutapikwa juu kama majivu na lava au kwa kukimbilia pembeni chini kwa chini, paa la chumba hukosa cha kuegemea. Hapo nyufa za mviringo hujichora kuuzunguka mlima, na sehemu yote ya katikati huteremka kama kifuniko kilicho kidogo kuliko mdomo wa sufuria kinavyozama kwenye uji. Shimo linalobaki huitwa kaldera. Sote tumezoea kuita Ngorongoro "kreta", nami sina ugomvi na mazoea hayo, lakini kwa maana halisi kreta ni tundu ambalo vitu hutokea, na kaldera ni shimo ambalo mlima umeingia. Jirani zake Olmoti na Empakaai ni kaldera vilevile. Milipuko ilikuwepo, bila shaka. Tofauti ni kwamba iliyotoka ilikuwa hasa magma ya ndani, wala si mlima wa zamani uliopasuliwa vipande. Tukio hilo lina umri wa kati ya miaka milioni 2 na milioni 2.5.

Wanafunzi wakiwa wazito kuamini, wafanyie jaribio ambalo nimeshalifanya mara nyingi. Chukua beseni pana, weka ndani yake puto lililojazwa hewa nusu, mdomo wake ukiwa umefungwa kwenye mpira mwembamba unaotokea nje ya beseni na kubanwa kwa vidole. Lifunike kwa unga mkavu wa mahindi hadi lisionekane, kisha rundika unga uliobaki uwe kilima. Sasa legeza vidole, hewa itoke kidogokidogo. Kwanza hutaona kitu. Halafu ufa mwembamba wa mviringo utajitokeza ubavuni mwa kilima, na mara unga wa katikati utashuka kwa pamoja, ukiacha kuta zilizosimama pande zote na vipande vyembamba vikianza kumeguka kutoka kwenye kuta hizo. Tumia sembe, usitumie dona wala mchanga mkavu. Sembe hushikana, hivyo kuta hubaki wima. Mchanga humiminika na kulijaza shimo kabla hamjaliona. Muulize yule mwanafunzi kama ameona unga wowote ukiruka nje ya beseni.

Jambo hili pia limetazamwa mubashara. Mwaka 2018, katika volkano ya Kilauea huko Hawaii, magma iliondoka chini ya kilele na kwenda kutokea kwenye nyufa zilizo umbali wa kilomita 40 hivi upande wa mashariki, ambako ilifunika makazi na kuingia baharini hadi ikaongeza ardhi mpya pwani. Kileleni, katika muda wa miezi 3 tu, kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Agosti, sakafu ilishuka hatua kwa hatua, kila hatua ikitoa tetemeko, mpaka sehemu yenye kina kikubwa zaidi ikawa imeteremka zaidi ya mita 500. Ukitaka mfano wa kujenga na kubomoa katika tukio lilelile, huo hapo: ardhi iliyoongezeka ufukweni ndiyo nafasi iliyopungua mlimani.

Kuhusu urefu, yaani dai la kwamba Ngorongoro uliupita Kilimanjaro, nakushauri uliache. Makisio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya mita 4,500 na 5,800, na hata lile kubwa kabisa halifikii mita 5,895 za Kilimanjaro cha leo. Makisio yenyewe hupatikana kwa kuchukua mteremko wa nje uliobaki na kuurefusha kwa mstari kuelekea juu hadi pande mbili zikutane, kana kwamba mlima lazima uwe na ncha. Kuna volkano nyingi pana zenye mgongo uliobapa ambazo hazijawahi kuwa na ncha hiyo. Mimi husema tu kwamba ulikuwa mlima mkubwa, na kwamba upana wake tunaujua vizuri kuliko urefu wake.

Swali lako la pili, kama volkano hujenga au hubomoa, linajibika vizuri zaidi tukifuata njia ya mwanafunzi wako na kuuliza kila mara mawe yalikwenda wapi. Tuanze na Meru, kwa sababu huo ndio mlima ambao kipande chake kilianguka kweli, na kinaonekana.

Ukiutazama Meru kutoka Arusha mjini unaona mlima mzima wenye mita 4,562. Zunguka hadi Momella, upande wa mashariki, nao unageuka kuwa kitu kingine: kiatu cha farasi kilicho wazi, chenye ukuta wa mwamba unaofikia kimo cha mita 1,500 hivi, na katikati yake kilima kichanga cha majivu kilichoota baadaye. Upande wote wa mashariki wa mlima huo haupo. Wakati fulani, si zaidi ya miaka 10,000 hivi iliyopita, ubavu huo uliporomoka na kukimbia kuelekea Kilimanjaro kama tope zito la mawe, ukaacha nyuma yake uwanda wenye vilima vidogovidogo visivyo na mpangilio. Mabonde yaliyobaki kati ya vilima hivyo yalijaa maji, na ndiyo maziwa ya Momella wanakoonekana flamingo. Kwa hiyo anayetembea Momella anatembea juu ya Meru, ila Meru uliolala chali. Chanzo cha mporomoko wa namna hii ni kwamba volkano ndefu hujengwa kwa tabaka za lava na majivu zilizowekwa juu ya mteremko mkali, na gesi moto zenye asidi hupita ndani yake kwa karne nyingi zikigeuza mwamba kuwa udongo wa mfinyanzi. Ukiongeza maji na tetemeko moja, ubavu hauna tena nguvu ya kujishikilia. Mount St. Helens huko Marekani ilifanya hivyo mbele ya kamera tarehe 18 Mei 1980: ubavu wa kaskazini uliteleza, mlipuko ukatokea pembeni, na mlima ukapungua kutoka mita 2,950 hadi 2,549. Baada ya siku hiyo wajiolojia walirudi kwenye vilima vingi vya ajabu vilivyo miguuni mwa volkano duniani kote, na safari hii walijua wanachokitazama.

Meru ulitoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910. Madini yake yanaendelea kuingia majini hadi leo, na floridi iliyozidi katika baadhi ya chemchemi na visima ndiyo inayowapa watu wengi wa maeneo hayo meno ya rangi ya kahawia, jambo ambalo nalo ni badiliko lililoletwa na volkano, ijapokuwa halimo kwenye ramani.

Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa lugha ya Wamaasai, ni jirani yako wa kaskazini na ndiyo volkano pekee duniani tunayoijua leo inayotoa lava ya aina yake. Lava ya kawaida ni mawe ya silika yaliyoyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi. Ya Lengai, ambayo asili yake ilitambuliwa na mjiolojia J. B. Dawson baada ya kuichunguza mwaka 1960, imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu, jamaa wa karibu wa magadi tunayochemshia maharage, na hutoka ikiwa na joto la nyuzi kati ya 500 na 600 tu. Mchana haionekani kuwaka. Ni nyeusi, nyepesi, na hutiririka kama oili chafu inayomwagwa gereji. Ikishapoa huanza kunyonya unyevu wa hewa, na katika muda wa siku chache ile nyeusi imekuwa ya kijivu, kisha nyeupe. Ndiyo maana wageni wengi hudhani kilele chake kina theluji.

Angalia jinsi mlima huo unavyojijenga na kujibomoa kwa zamu. Kuanzia mwaka 1983 lava hiyo nyepesi ilijaza kreta ya kaskazini taratibu, hadi mwaka 1998 ikafika ukingoni na kuanza kumwagikia nje. Mwezi Septemba 2007 tabia ikabadilika ghafla: milipuko ya majivu iliyoendelea hadi mwaka 2008 ilikifukua kile kilichojazwa kwa miaka ishirini na zaidi, ikaacha shimo refu lililozungukwa na kilima kipya cha majivu. Sasa shimo hilo linajazwa tena.

Na majivu yalikwenda wapi? Pepo za eneo hilo huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo majivu ya Lengai na ya volkano nyingine za nyanda za juu za Ngorongoro yamekuwa yakimwagwa magharibi, Serengeti, kwa muda mrefu sana. Huko mvua huyeyusha chumvi na chokaa zilizomo, huzishusha chini kidogo, na jua linapokausha ardhi hugeuka kuwa tabaka gumu kama sakafu ya saruji. Mizizi ya mti haipenyi hapo, ya majani mafupi inatosha. Uwanda ule usio na miti ambao nyumbu huenda kuzalia kati ya Januari na Machi, wenye majani yaliyojaa kalsiamu na fosforasi ya kunyonyeshea, ni kazi ya volkano kama ilivyo kuta za Ngorongoro, ingawa macho hayaoni mlima wowote pale. Karibu na Bonde la Olduvai kuna kichuguu cha mchanga mweusi, chenye umbo la mwezi mchanga, ambacho ni majivu hayohayo yanayosukumwa na upepo. Husogea kwa wastani wa karibu mita 17 kwa mwaka, na yamewekwa mawe yenye miaka kuonyesha kilipokuwa zamani. Chembe zake zina chuma kingi kiasi kwamba sumaku ya kawaida huzinyanyua. Ukipeleka wanafunzi huko, beba sumaku. Na huko Laetoli, kusini zaidi, majivu yaliyolowana kwa mvua kisha yakaganda ndiyo yaliyotunza nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 hivi iliyopita, nyayo zilizofukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978.

Kuna badiliko jingine ambalo halitoi moshi wala lava, nalo husahaulika darasani. Mwezi Julai 2007, wiki chache kabla ya Lengai kulipuka, eneo la mlima Gelai lilitikiswa na matetemeko yaliyosikika hadi Nairobi, kubwa kuliko yote likiwa na ukubwa wa 5.9. Vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba magma ilijipenyeza ndani ya ardhi kama ukuta mwembamba uliosimama wima, ambao wajiolojia huuita daiki, ikapanua mwamba pande mbili na kuufanya uso wa ardhi kati yake ushuke, bila magma yenyewe kufika juu. Ukiyajumlisha matukio ya namna hiyo kwa mamilioni ya miaka, ndipo unapopata Bonde la Ufa.

Kwa upande wa mito, mfano ninaoupenda uko nje ya nchi yetu, huko Kivu. Zamani maji ya eneo hilo yalitiririka kwenda kaskazini, kuelekea Ziwa Edward na bonde la Nile. Milima ya Virunga ilipoota ililiziba bonde hilo kama boma, maji yakakosa njia, yakapanda hadi yakapata mwanya wa kusini, na leo Ziwa Kivu hutoka kupitia mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Safu moja ya volkano imeyahamisha maji kutoka mfumo wa Nile hadi mfumo wa Kongo. Nao wakazi wa Goma wanaishi na kazi hiyo ikiwa bado haijamalizika. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo, mojawapo ya volkano hizo za Virunga, ilipasuka ubavuni, lava ikashuka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na asilimia 13 hivi ya mji, ikaingia ziwani. Katika mitaa ambayo lava iliganda ikiwa na unene wa mita 2 hivi, barabara mpya zilichongwa juu yake, na ghorofa ya kwanza ya baadhi ya nyumba ikageuka kuwa ya chini. Nyumba nyingine zilijengwa kwa mawe yaleyale meusi. Wakati huohuo, ardhi ya ufukweni ilididimia, kwa sababu ufa uliokuwa ukitoa lava ulikuwa pia ukiipanua ardhi chini ya mji. Watu wa huko wana neno lao, mazuku, kwa mabonde madogo ambamo gesi ya kaboni dioksidi hujikusanya chini kwa chini na kumuua mbuzi au mtoto aliyeinama humo. Neno hilo wanasayansi wa nchi nyingine wamelichukua kama lilivyo.

Limebaki swali lako la mwisho. Ngorongoro haididimii. Magma iliyoubeba mlima ilikwishatoka, paa lilikwishatua, na tangu hapo kazi imekuwa ya kujaza. Kuta zake humeguka, kama vile vipande vya unga vilivyomeguka kwenye beseni lako. Majivu ya majirani zake yameanguka humo mara nyingi. Kijito cha Munge hushuka kutoka Olmoti na kuingia Ziwa Magadi la humo ndani, ambalo halina mto wa kulitoa maji, kwa hiyo chochote kinacholetwa na maji, kiwe tope au chumvi, hubaki. Mita 600 tunazozipima leo ni kina kilichosalia baada ya ujazaji wa zaidi ya miaka milioni 2. Siku mlima ulipozama, aliyesimama ukingoni angeangalia chini zaidi ya hapo.